Kanuni ya Tano Haina Mkwe

Kalisti alishuka kwenye baiskeli akiwa wa kwanza, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Angekuwa wa tano asingeulizwa na mtu. Wa tano akishuka amechoka, basi. Lakini yeye alikuwa ameliacha kundi nyuma tangu daraja la mwisho, na watu waliojaa kwenye kiwanja cha mnada wa Segese walikuwa wamekwisha kumwona anaikata kona ya josho peke yake, vumbi nyuma yake, kamba ya kumalizia haiko mbali. Epifania, mkewe, alikuwa amepanda juu ya kreti la soda ili aone vizuri. Alikuwa ameanza kucheka.

Ndipo Kalisti alipobana breki, akaruka chini, akailaza baiskeli kwenye majani, akaukabili ua wa minyaa, mikono nyuma, kama mtoto aliyeambiwa na mwalimu atazame ukuta.

"Pancha?" mtu aliuliza.

"Pancha gani, na gurudumu hilo linazunguka?"

Mwanamke mtu mzima alikuwa anavuka barabara na kapu kichwani. Epifania aliijua kanga kabla hajamjua aliyeivaa, kwa sababu aliinunua yeye mwenyewe Krismasi iliyopita. Yule alikuwa mama yake, Paskalia, aliyekuwa anatarajiwa kufika keshokutwa kutoka Ushirombo.

Kalisti hakugeuka mpaka mama alipomaliza kuvuka na kupotelea nyuma ya ua. Alipogeuka, Donatus wa Kagongwa alikuwa amekwisha kumpita na kuikata kamba, na wengine wawili nyuma yake. Kalisti alipanda tena, akaja wa nne. Hakuna aliyempigia makofi wala kumzomea. Watu walikuwa wanatazamana, kila mmoja akitafuta kwa mwenzake maelezo ambayo mwenzake hakuwa nayo.

Wa kwanza kupata neno alikuwa Telesphori, mchimbaji wa Bulyanhulu, mtu mwenye mabega mapana na sauti ya kuitia watu walio shimoni.

"Ameuza," alisema. "Mnatazama nini? Huyu ameuza mbio."

Epifania alishuka kwenye kreti. Alitaka kusema kwamba yule ni mkwe wa Kalisti, na kwao mkwe hupishwa njiani, hatazamwi, lakini alizungukwa na wachimbaji kutoka mikoa ambayo hata majina yake hakuyajua vizuri, na ghafla hakuwa na hakika kwamba neno hilo lingetosha.

*

Kamari ilikuwa marufuku, na Segese hakuna aliyecheza kamari. Kulikuwa na mchango wa michezo tu. Mchimbaji alitoa mchango wake kwa jina la mwendeshaji fulani, na mwendeshaji huyo akishinda, mchango ulimrudia mwenyewe umenenepa. Viongozi hawakuwa na ugomvi na michango. Waliipenda sana, wakaipongeza hadharani.

Tabu ilikuwa kwa waendeshaji. Miaka miwili kabla, mmoja wao alipewa kitu na mnunuzi wa dhahabu, akashikwa na mkazo wa misuli mbele ya macho ya watu, mkazo uliohama kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia jinsi alivyokuwa anasahau. Nusura auawe. Baada ya hapo Apolinari, katibu wa kamati, karani wa posta aliyestaafu, alikaa wiki nzima akaandika kanuni kumi na mbili kwa mkono wake mzuri. Aliyejitokeza wa kwanza kuzitia sahihi alikuwa Kalisti. Na si sahihi tu. Adhabu ya Kanuni ya Tano ilipokuwa kufungiwa peke yake, Kalisti alisimama akasema haitoshi, mwizi wa namna hiyo baiskeli yake nayo ichukuliwe. Watu walimpigia makofi siku hiyo. Apolinari aliongeza mstari.

Sasa Kanuni ya Tano ilisomeka hivi: "Kila mwendeshaji atajitahidi kwa uaminifu tangu kengele hadi kamba. Atakayeshuka kwenye baiskeli pasipo pancha, kuanguka, wala kukatika mnyororo, huyo ameuza mbio. Atafungiwa maisha, na baiskeli yake itakuwa mali ya kamati."

Kalisti aliikariri yote jioni ile, akiwa amechuchumaa ndani ya chumba chao, anafuta mnyororo wa Foniksi yake kwa kitambaa ambacho kilikuwa gauni la binti yao Salvina. Siku za kazi baiskeli hiyo ndiyo iliyopeleka magunia ya dagaa kutoka Kahama mpaka kwa wachimbaji. Ilikuwa mwaka wa themanini na sita, na baiskeli haikuwa kitu ambacho mtu huingia dukani akatoka nacho. Ikienda, dagaa hawaendi, na dagaa wasipoenda chungu hakiinjikwi.

"Waeleze tu, Baba Salvina," Epifania alisema. "Waeleze kuwa ni mkwe. Kuna asiyejua mkwe?"

"Telesphori anajua? Katibu anajua? Katibu kwao ng'ambo ya ziwa, wao wana yao." Aliangalia kitambaa. "Halafu nitawaeleza nini, na mimi mwenyewe sijui?"

"Hujui nini?"

"Nilimwona na kapu lake. Miguu ikashuka. Sikuiambia ishuke." Aliinamia mnyororo tena. "Lakini nitakwambia ukweli, wewe mke wangu. Nilikuwa nimekwisha. Kifua kinawaka, Donatus namsikia nyuma. Nilipomwona mama yako, kuna kitu ndani kilisema ashukuriwe Mungu. Sasa nilishuka kwa heshima au nilishuka kwa kuchoka? Kila nikiuliza napata jibu jipya."

Epifania alikuwa amejiandaa kumtetea mume mwenye hakika. Huyu aliyechuchumaa hapa, anayejishtaki na kujitetea kwa pumzi moja, alimwogopesha kuliko Telesphori.

Paskalia hakuwa nyumbani mle. Alikuwa amefikia kwa Esta, jirani wa nyumba ya tatu, maana mama mkwe na mkwilima, mume wa binti yake, hawalali chini ya paa moja. Alikuwa ameleta michembe, viazi vitamu vikavu vya wajukuu. Alipata lifti ya lori la pamba siku mbili kabla ya wakati, akaona bahati. Aliposikia kelele za mnadani alidhani watu wanafukuza mwizi, akaharakisha kuvuka ili asikutwe katikati.

*

Kamati ilikaa Jumatano katika ghala la chama cha ushirika, kati ya magunia matupu yaliyonuka pamba na panya. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mageni, mpima pamba, mwenyeji wa pale pale. Upande wake wa kulia alikaa Apolinari na daftari. Telesphori aliwakilisha wachangiaji, na alikuwa amevaa viatu.

Shahidi alikuwa mmoja, na mshtakiwa hakuweza kukaa naye chumba kimoja. Hilo peke yake likala nusu saa. Ilibidi Kalisti atoke nje na kusimama nyuma ya mzani ndipo Paskalia aingie. Apolinari aliandika kwamba mshtakiwa aliondoka kikaoni wakati wa ushahidi.

"Shikamoo, mayu," Mageni alisema, kwa kuwa mama yule alikuwa mkubwa wake.

"Marahaba."

"Unamfahamu mshtakiwa?" Apolinari aliuliza.

"Ni mwenye kuoa mwanangu."

"Jina lake?"

Paskalia alitazama sakafu. Jina la mkwilima halitamkwi na mama mkwe. Epifania, aliyekaa mlangoni, alisikia uso wake unapata moto.

"Jina lake nani, mama? Kwa ajili ya daftari."

"Ni huyo huyo mwenye kuoa mwanangu."

Apolinari aliandika polepole, akisoma kwa sauti kama ilivyo haki: "Shahidi hamjui mshtakiwa kwa jina." Kisha aliinua kichwa. "Siku ya mbio ulimwona akishuka kwenye baiskeli?"

"Yaya, hapana. Sikumwona."

"Hukumwona?"

"Nitamwonaje, baba? Simtazami. Tangu amwoe mwanangu sijapata kumtazama."

"Shahidi hakuona tukio," Apolinari alisoma, na kalamu ikakwaruza.

Telesphori alicheka, halafu akaacha kucheka, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amechanganyikiwa. "Mama," alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, "mimi nilitoa mchango wangu wote wa miezi mitatu ya kukaa chini ya ardhi. Nataka kujua tu. Alishuka kwa ajili yako?"

"Ningejuaje, mwanangu? Nilikuwa namkimbia mwizi."

"Mwizi gani?" Apolinari aliuliza, na ikapita robo saa nyingine.

Mageni angeweza kuyamaliza. Alijua desturi ile kuliko wote. Yeye mwenyewe alikuwa na mkwe Ushetu na aliwahi kujitosa kwenye tope la mpunga ili kumpisha. Lakini mchango wa Mageni nao ulikuwa kwa jina la Kalisti, jambo ambalo mwenyekiti hakutakiwa kulifanya, na Telesphori alilijua. Kwa hiyo alisema tu, "Jambo hilo kwetu lipo."

"Mimi sikatai," Apolinari alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alizipenda kanuni zake kwa moyo safi, na alitaka zimtendee haki hata huyu. "Lakini nikiandika lipo, wa kesho atashuka aseme amemwona mkwe. Keshokutwa wakwe watajaa barabarani. Kanuni ya Tano haina mkwe. Basi tulijaribu, tuone kama lipo kweli."

Paskalia alitolewa, Kalisti akaitwa. Aliambiwa kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi atakimbia tena kutoka josho hadi kamba, kwa saa ya katibu, kwa kufuata Kanuni ya Tano. Hakuambiwa zaidi. Paskalia naye aliambiwa, mlangoni, kwamba Jumamosi saa tatu achukue kapu lake apite pale pale alipopita, kama alivyopita. Naye hakuambiwa zaidi. Apolinari aliona kwamba hivyo ndivyo jaribio linavyokuwa safi.

*

Epifania ndiye aliyekuwa na habari zote mbili, na ndiye aliyeziunganisha, akaziunganisha vibaya.

Ijumaa mchana alikuwa uani kwa Esta, anachambua michembe na mama yake. Alikuwa hajalala vizuri siku mbili.

"Mama, wamekwambia upite."

"Wamesema kama nilivyopita."

"Na yeye ameambiwa akimbie, akishuka ameuza." Aliutupa mchembe uliooza. "Unaona wanavyofanya? Wanataka ashuke tena. Ashuke mbele ya watu wote, waseme mnaona, hata leo ameshuka, chukueni baiskeli. Ni Telesphori huyo. Wanakutumia wewe kumtega."

Paskalia aliacha kuchambua. "Basi nisiende."

"Usipoenda watasema tumekuficha. Nenda." Hapo Epifania aliona njia, na alipoiona alijisikia ana akili kwa mara ya kwanza wiki ile. "Nenda, lakini usikiapo kengele umpishe. Mgeuzie mgongo, ujifunike kanga. Si njia inakuwa yake?"

"Inakuwa yake," Paskalia alikubali. Mkwe akikupa mgongo na kujifunika, amekupa ruhusa. Unapita kwa adabu, kichwa chini, hakuna deni. "Lakini hilo hufanywa kwa mgonjwa. Au kwenye msiba."

"Huu si msiba, mama?"

Esta, aliyekuwa anasuka nywele za Salvina kando, aliuliza kama isingekuwa vizuri Kalisti mwenyewe aambiwe. Epifania alikataa. Alijua Kalisti akiambiwa ataanza tena kujiuliza aende au ashuke, na mtu anayejiuliza hakanyagi pedali. Afadhali aone mwenyewe, apite, yaishe.

*

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko siku ya mbio. Kengele ilipigwa kwenye josho. Kalisti alitokeza kwenye kona akiwa ameinama, shati limejaa upepo, anakanyaga kwa nguvu zote, na Epifania alijua hata kwa mbali kwamba leo hakuwa na swali kichwani. Aliambiwa akimbie, anakimbia.

Paskalia aliingia barabarani na kapu. Baiskeli iliyumba. Mguu mmoja wa Kalisti uliacha pedali, ukaning'inia hewani. Watu wote waliuona. Apolinari alisogea mbele, na usoni mwake, Epifania alikumbuka baadaye, palikuwa na kitu kama furaha.

Hapo Paskalia akarudi pembeni, akageuka, akampa barabara mgongo, akavuta kanga ikamfunika kichwa na kapu lake.

Mguu ulirudi kwenye pedali. Kalisti alipita, kichwa kimeinama mpaka kidevu kikagusa kifua, akaikata kamba.

Epifania alipiga vigelegele. Alipiga peke yake. Aliposikia kwamba ni peke yake, aliacha katikati.

"Amempita," Telesphori alisema, polepole, kama mtu ambaye alitumaini asilione alilolitegemea.

Apolinari alifunga saa yake. "Mkwe yule yule," alisema. "Barabara ile ile. Kapu lile lile. Leo hakuna wa kumlipa, amempita. Kama ungeshuka leo, Kalisti, ningefuta shauri hili kwa mkono wangu. Nilitaka ushuke."

Kalisti alikuwa bado amekaa juu ya baiskeli, anahema. "Mliniambia nisishuke."

"Tulikwambia ukimbie kwa uaminifu."

"Amegeuka!" Epifania alikuwa amefika mbele yao bila kujua amefikaje. "Katibu, mama amegeuka. Akigeuka ametoa ruhusa. Mimi ndiye niliyemwambia ageuke."

"Wewe?"

"Mimi. Jana. Nilidhani mnataka ashuke ili mumfungie."

Apolinari alifungua daftari. Hakuwa na hasira. "Mke wa mshtakiwa alimfundisha shahidi," alisoma. "Mama Salvina, hili naliandika kwa sababu umelisema mbele ya watu. Ningependa usingelisema."

"Kwetu akigeuka," Mageni alianza, "akigeuka na kujifunika—"

"Mwenyekiti," Telesphori alisema, "mchango wako ulikuwa kwa jina la nani?"

Baiskeli ilichukuliwa pale pale. Kalisti aliushika usukani mpaka dakika ya mwisho, si kwa kukataa, ila alikuwa kama amesahau kuuachia. Wajumbe wawili ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja, wakimwomba samahani.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walipoipita nyumba ya Esta, Kalisti alipunguza mwendo.

"Mama yako amenikataa?" aliuliza.

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Alinipa mgongo. Hatuna mgonjwa, hatuna maiti. Nilipomwona amenipa mgongo nikasema basi, amesikia nimeuza mbio, hanitaki tena. Ndiyo maana nikapita. Nikasema kama mimi si mkwilima tena, nishukie nini?"

Epifania alisimama barabarani. Hilo halikumjia kabisa. Alimweleza yote: uani kwa Esta, michembe, njia aliyoiona na akili aliyodhani anayo. Alieleza huku analia na hakujificha. Kalisti alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amepishanisha mikono mahali ambapo usukani ungekuwepo.

"Basi wote watatu tumejitahidi," alisema. "Kwa uaminifu." Akaingia ndani. Epifania alimsikia analiburuta gunia la dagaa kutoka chini ya kitanda, halafu akasikia vitambaa vinachanwa. Alikuwa anatengeneza ngata. Segese hadi machimboni, kwa kichwa, ni siku nzima kwenda tu, bado kurudi.

Saa nane Paskalia alipita nyuma ya nyumba kuaga. Hakuingia. Alisimama upande wa pili wa ukuta wa udongo, pale ambapo mkwilima yuko ndani na mkwe yuko nje, na Epifania alikwenda kusimama naye. Ndani, kuchana kwa vitambaa kulikoma.

"Mwanangu, niliharibu," Paskalia alisema.

"Niliharibu mimi, mama."

"Kuna jambo jingine." Mama alishusha sauti, lakini si sana, ukuta ule haukuwa mnene, na yeye alijua. "Alipokwisha kunipita niligeuka. Ni makosa, lakini niligeuka. Miaka tisa sijamwona huyu mtu, hata mgongo. Nikamwona anakwenda." Alirekebisha kapu kichwani, tupu sasa. "Anakimbia vizuri. Mtu anayekimbia hivyo hauzi. Wakiniita tena kule ghalani wakaniuliza, nitasema nimemwona."

Epifania aliangalia chini. Alitaka kumwambia mama yake kwamba hakuna atakayemwita tena, kwamba daftari limekwisha kufungwa. Lakini ndani ya nyumba Kalisti alikohoa kidogo, kikohozi cha adabu, cha mtu anayetaka ijulikane kwamba amesikia.

"Sawa, mama," Epifania alisema. "Wakikuita, uwaambie."